Kuku Wamemzoea

Miaka ya themanini, mjukuu wangu alikuwa na kifafa. Hospitali ya Kitale wakampatia dawa, na kweli akaacha kuanguka. Lakini mtoto aliyenisumbua mtaa wetu wote wa Matisi sasa alikaa tu mlangoni akisinzia, kuku wakila mahindi kwa mkono wake.

Kila siku ya kliniki daktari aliangalia kadi akaongea kwa sauti ya puani: "Mama, ameanguka?"

"Hajaanguka."

"Basi dawa inafanya kazi."

Siku moja nikachoka. Nikamjibu nikiigiza hiyo sauti yake ya puani: "Daktari, ataanguka aje na hasimami? Nilikuletea mtoto, unanirudishia gunia. Si uulize kama anacheza?"

Nesi akageukia ukuta akicheka. Daktari akamwita mtoto, akangoja jibu mpaka akachoka.

"Nikipunguza dawa, anaweza kuanguka mara moja moja."

"Akianguka nitamwinua."

Wiki kadhaa baada ya dawa kupunguzwa, nikichambua mboga, nikasikia sauti yangu kabisa nyuma yangu, ikilalamika: "Hawa kuku wamenizoea vibaya, bana." Kugeuka, ni mjukuu wangu, amesimama na fimbo, kuku wote wamekimbilia kwa jirani.

Nikamwambia aache kuniigiza. Hakuacha, na sikurudia kumwambia.