Padumasara wa Kalinga na Kamba ya Mi Dein

Padumasara hakuwa na ukoo wa kujivunia. Hakuwa na sauti ya kughani, hakuwa na nguvu za mwili, hakuwa na meno mawili ya mbele, na siku aliyoshuka katika bandari yetu ya Dunwat hakuwa na neno hata moja la Kimoni, lugha yetu. Alizaliwa Kalinga, ng'ambo ya ghuba, katika nyumba ya msuka mikeka, mwaka wa elfu moja na themanini tangu Buddha aingie katika pumziko lake. Alipotimiza miaka kumi na mitatu alipokewa katika nyumba ya watawa, akasoma kanuni kwa miaka ishirini. Huko ndiko alikowasikia wafanyabiashara wakisema kwamba Wamoni wana mpunga na wana bati, ila hawana wa kuwafundisha.

Alivuka na wenzake wanne. Idadi hiyo haikuwa ya bahati. Katika nchi za pembeni, kama ilivyokuwa yetu, ni lazima watawa wasipungue watano ili wampe mtu daraja la utawa. Walitufundisha herufi za kwao, na herufi hizo, zilizoviringishwa kidogo na mikono ya babu zetu, ndizo tunazoandikia mpaka leo. Padumasara naye alijifunza kula samaki wetu waliochachushwa, ingawa jiwe la maandishi lililoko hekaluni, nililolisoma mwenyewe mstari kwa mstari, linasema kwamba mara ya kwanza alitokwa na machozi.

Mwaka wa nne tangu wafike, vijana kumi na mmoja wa Dunwat walikuwa tayari kupewa daraja. Daraja hutolewa katika ardhi iliyopimwa na kutengwa kwa ibada, na yetu ilikuwa haijapimwa, kwa hiyo Padumasara akafuata njia ambayo kanuni inaruhusu: akawapa daraja mtoni, juu ya chelezo kilichotiwa nanga. Maji hayahitaji kupimwa, mradi chelezo kisishikane na nchi kavu. Kikishikana, tendo zima ni batili. Mfalme akawapigia magoti watawa wapya, akawapa mashamba. Miaka ikapita, na wale wenzake wanne wakafa kwa homa, mmoja baada ya mwingine.

Miaka kumi na moja baada ya siku ile, Mi Dein, mjane aliyekuwa mama wa mtawa Uttara, mkubwa wa wale kumi na mmoja, alileta wali hekaluni, akaanza kujisifu mbele ya wanawake wenzake.

"Nyie mnaleta wali tu. Mimi niliwaokoa! Siku ile mto unavuta, na nanga yenyewe kijiwe kama kichwa cha mbuzi. Nikakifunga chelezo kwa kamba kwenye nguzo ya nyumba yangu. Bila mimi, saa hizi papa wangekuwa ndio watawa!"

Wanawake wakacheka. Padumasara akaweka bakuli lake chini.

"Mama, ulikifunga kabla ya ibada, au baada?"

"Kabla, Baba. Baada ingesaidia nini?"

Padumasara akajua papo hapo kwamba Dunwat nzima haikuwa na mtawa ila yeye. Akisema, kazi ya miaka kumi na mitano inafutika. Akinyamaza, wasio watawa wataendelea kuwapa wengine utawa wasiokuwa nao. Akaingia ndani, na Uttara, aliyekuwa amesikia yote, akamfuata.

"Baba, kamba ile ilishaoza. Anayejua ni mama tu, nami nitamnyamazisha."

"Utamweza mama yako?"

"Nitajaribu."

"Hata ukimweza, Uttara, mimi nimeshasikia."

Kesho yake akaenda kwa mfalme. Mfalme akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yaani miaka yote hii nimewapigia magoti wakulima waliovaa njano?"

"Ndiyo, bwana wangu. Na aliyewavisha ni mimi."

Mfalme akampa muda hadi msimu ujao wa merikebu. Wasipopatikana watawa wa kweli, mashamba yangerudi ikulu na hekalu lingekuwa ghala la mpunga. Wanne kati ya wale kumi na mmoja wakarudi mashambani kwa hasira. Saba, Uttara akiwa mmoja wao, wakavua njano, wakavaa nguo nyeupe za waumini wa kawaida, wakasubiri.

Wapo wasemao kwamba siku Padumasara alipokiri, mto ulisimama kwa muda wa kupika wali. Mimi sikuliona hilo katika jiwe. Niliyoyaona ni haya: watawa watano walikuja na merikebu za kwanza, wale saba wakapewa daraja upya, na Padumasara alifariki miaka sita baadaye, mikononi mwa Uttara. Watawa wetu wote huhesabu ukoo wao tangu hapo. Lakini siku ninayowataka vijana waiige ni siku ya barua.

Aliiandika baada ya kutoka ikulu, juu ya majani makavu ya mti wa mvumo, akiomba watawa watano kwa walimu wake wa Kalinga. Mi Dein alikuja, akaketi mlangoni.

"Baba, usinitaje. Kalinga nzima itanicheka."

"Wewe ulifunga chelezo, mama. Wa kukagua kamba nilikuwa mimi."

Akamsomea barua yote. Jina lililokuwamo lilikuwa moja tu, la Padumasara mwenyewe, pamoja na kosa lake. Akayafunga majani kwa uzi, akabandika udongo juu ya fundo, akaugonga muhuri, akampa nahodha wa merikebu iliyokuwa ikienda Kalinga.