Msiba Upo Nyumbani kwa Rahma

Kama ulifia upande huu wa Lushoto katika miaka kumi na tisa iliyopita, na ukawa na ndugu wenye akili, basi aliyekutangaza ni Bi Rahma wa Magamba. Yeye ndiye alikuwa akisoma matangazo ya vifo Redio Ukungu, saa sita na nusu mchana, kila siku ya Mungu. Sauti yake wala haikuwa tamu. Ilikuwa nzito, ya polepole, kama mtu anayepanda mlima na ndoo kichwani, lakini kila jina alilipa nafasi yake, hata la mwizi wa kuku. Watu walisema ukisomwa na Rahma unaondoka duniani umepigwa pasi.

Kazi hiyo hakuiomba. Mumewe, Yusufu, alikuwa dereva wa lori la kabichi, na siku moja ya utelezi lori likamshinda kwenye kona za kushukia Mombo. Tangazo lake lilisomwa na kijana mmoja mwenye haraka zake. Akataja jina, akataja saa ya mazishi, akasahau kusema msiba uko nyumbani kwa nani. Basi shemeji zake Rahma wakatoka Mponde na magunia yao ya mahindi, wakafika mjini, wakauliza, "Jamani, msiba uko wapi?" Wakaonyeshwa msiba. Wakaingia, wakalia kwa sauti, wakashika majembe, wakazika, wakala makande, wakarudi zao Mponde wameridhika kabisa. Kumbe wamemzika fundi saa ambaye hata kwa sura hawakumjua. Yusufu mwenyewe alizikwa bila ndugu yake hata mmoja.

Eda ilipoisha tu, Rahma akapanda ngazi za studio, iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akawapa maneno yao mpaka wakakosa pa kuangalia. Meneja wa wakati ule akamwambia, "Mama, kama unaona ni rahisi, soma wewe." Akasoma. Na tangu siku ile alikuwa na amri moja: marehemu asiye na nyumba ya msiba hasomwi. Ukileta karatasi isiyosema msiba uko kwa nani, anakurudishia, hata kama umetoka nayo Mlola kwa miguu.

Sasa sikia mambo ya dunia yalivyomfuata mwanamke wa watu mpaka Magamba.

Alhamisi moja, katika mji mmoja wa ng'ambo, mtu alijifunga bomu akaingia nalo kwenye soko la mboga. Jina la mji sitalitaja. Wiki ile lilitajwa mpaka likachakaa. Kila redio ikapata mchambuzi, na Redio Ukungu nayo, isije ikaonekana ya kishamba, Jumamosi ikamwita wa kwake: Mwalimu Fanueli.

Mwalimu Fanueli alifundisha jiografia miaka thelathini, na ana ramani ya dunia ya ukutani ambayo huja nayo studio kwapani na kuibandika mbele ya kipaza sauti, kana kwamba wasikilizaji wanaiona. Ni ramani ya zamani. Nchi tatu kwenye ramani ile zilishakufa na hakuna aliyezitangaza. Hilo halimsumbui. Siku ile alichambua saa nzima bila kumeza mate: mataifa makubwa, maslahi mapana, nani anafaidika, nani yuko nyuma ya nani, na nani yuko nyuma ya huyo aliye nyuma. Alifika mpaka kwenye gesi asilia. "Wasikilizaji," akasema, huku akiigonga ramani kwa rula, "tazameni hapa, na hapa, na hapa!"

Rahma alikuwa ameketi pembeni na karatasi zake mbili. Zamu yake ilikuwa imeshapita dakika arobaini, na marehemu wake mmoja alikuwa anazikwa saa nane. Wimbo ulipowekwa akauliza, "Samahani, Mwalimu. Hao waliokufa ni akina nani?"

"Bi Rahma, hilo si swali la kimkakati."

"Lakini majina wanayo?"

Mwalimu akaitazama ramani yake. Ramani haikuwa na jina la mtu hata mmoja. Martin, meneja wa sasa, kijana anayevaa tai hata kwenye baridi ya Julai badala ya kuvaa sweta, akaona hapa patatokea malumbano. Akapekua kwenye mtandao, akachapa orodha ya waliokufa, akampa. "Haya mama, hao hapo. Soma, twende kwenye taarifa ya habari."

Majina yalikuwa kumi na nane. Rahma akasoma matangazo yake mawili ya kawaida, kisha akaanza. Elena, miaka sitini na mbili, muuza viazi. Anton, miaka tisa, aliyefuatana na bibi yake. Mume na mke waliokuwa na meza ya vitunguu. Akamsoma kila mmoja polepole, kwa heshima ileile anayowapa wa Mlalo. Akafika mwisho, pale pa kusema msiba uko wapi, na karatasi ikawa nyeupe.

Mdomo wake ulikuwa haujawahi kuruka pale hata mara moja. Akawaona shemeji zake wakizunguka mjini na magunia. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Msiba upo nyumbani kwa Rahma binti Omari, Magamba, karibu na mashine ya kusaga. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo."

Martin akajimwagia chai kwenye tai.

Unafikiri watu walicheka? Wasambaa hawachekei tangazo la kifo. Alasiri ile majirani walikuwa wameshafunga turubai. Jumapili asubuhi magari yakaanza kushusha watu kutoka Mlalo na Mlola, na maharage, na viazi, na masufuria ya kuazima. Wa kwanza kutoka Mlola alikuwa Dorkasi, mkulima wa viazi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu mabonde matatu, na juu ya gari alikuwa na mzigo wa kuni.

"Pole, dada," akamwambia Rahma, akamkumbatia. "Nimesikia ni wauza viazi wenzetu. Nikasema siwezi kukaa nyumbani."

"Lakini dada, mimi siwajui."

"Nani anayewajua? Ndiyo maana tumekuja wengi."

Ikazuka shida ya dini. Marehemu ni Waislamu au ni Wakristo? Orodha haikusema. Wazee wakakaa, wakakubaliana: asubuhi kisomo, mchana kwaya ya Kilutheri, na marehemu kila mmoja achukue iliyo yake. Afisa mtendaji wa kata, Abubakari, akaja na fomu, maana mkusanyiko mkubwa namna ile unahitaji kibali, na neno bomu lilikuwa limeshafika ofisini.

"Shikamoo, mama. Uhusiano wako na marehemu?"

"Marahaba. Sina."

"Mama, lazima kiandikwe kitu. Hapa pana mke, mzazi, mtoto, ndugu, mengineyo."

"Basi andika mengineyo."

Akaandika mengineyo mara kumi na nane, kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri, akakaa mkekani, akaletewa makande. Kifo cha wengi harusi, na mimi niliyekuwepo nasema makande yale yalikuwa na nazi.

Rahma mwenyewe alikuwa haamini macho yake. Mumewe alikuwa amezikwa na majirani sita, na leo uwanja wake umejaa. Akalia, na wanawake wakadhani anamlilia Elena, wakamsaidia.

Mchana, baada ya kwaya, Mwalimu Fanueli akasimama na ramani yake kutoa neno la familia, maana ilionekana yeye ndiye anayezijua zile nchi. Akaitundika kwenye nguzo ya turubai. Akachambua. Waombolezaji wakamsikiliza kwa utulivu, wakidhani anasoma wasifu wa marehemu, na kila alipotaja taifa kubwa walitikisa vichwa kwa huzuni. Kisha akasema, "Jumla ya waliouawa, kwa mujibu wa vyombo vyote vya habari, ni kumi na saba."

"Kumi na nane," akasema Abubakari. Fomu alikuwa nayo.

"Kumi na saba, bwana mdogo."

"Mwalimu, nimeandika mengineyo kumi na nane, mkono bado unaniuma."

Orodha ikaletwa. Ikahesabiwa. Ikahesabiwa tena kwa vidole. Mwalimu akavaa miwani, akasoma jina la mwisho, jina alilolisikia kwenye habari, akanyamaza, na mtu yule hajawahi kunyamaza tangu nimjue. Orodha ile ilikuwa ya wote waliokufa pale sokoni. Wa kumi na nane ndiye aliyekuwa amejifunga bomu.

Wee! Turubai nusura ling'oke. Kwaya ikasema imemwimbia muuaji beti nne. Aliyeongoza kisomo akashika kichwa. Dorkasi akasimama katikati, mikono kiunoni. "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole! Mimi nimepakia kuni kutoka Mlola nije kumpikia huyo? Nirudishieni kuni zangu!"

"Zote?" akauliza Abubakari.

"Za hao kumi na saba ziacheni. Za huyo, nipeni."

Watu wazima, wenye wajukuu, wakainama kwenye lundo la kuni kutafuta za wa kumi na nane. Mwalimu Fanueli akajitolea kutoa mwongozo. Mwisho Dorkasi akavuta fungu moja kwa hasira, akalifunga kwa kamba ya mgomba, akalikalia.

Jioni Martin akaja. Hakukaa mkekani. "Bi Rahma, nimepigiwa simu kutoka juu." Juu wapi, hakusema; tunavyojua sisi, juu ya studio ile kuna bati tu. Akampa karatasi iliyochapwa. "Kesho utasoma hii. Tangazo la Jumamosi lilikuwa hitilafu ya kiufundi, hakuna msiba wowote, wananchi waendelee na shughuli zao. Usiposoma, kuanzia keshokutwa atasoma mpwa wangu Happiness."

"Hakuna msiba?" akauliza Rahma. "Mwanangu, hujaona watu hapo nje?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama."

Rahma akaingia jikoni akafunga mlango. Aliogopa. Tusidanganyane, aliogopa sana. Kile kipaza sauti ndicho kilichomwinua baada ya Yusufu. Bila hicho angekuwa mjane tu wa karibu na mashine ya kusaga. Na yule wa kumi na nane alimchukia kwa moyo wote, kwa ajili ya Anton wa miaka tisa, na kwa ajili ya msiba wake mzuri uliovurugika. Lakini kusema hakuna msiba? Elena na wenzake warudi kuwa nambari ya Mwalimu? Akaigeuza ile karatasi, akaandika upande wa pili.

Jumatatu saa sita na nusu akakaa mahali pake. Martin alisimama nyuma yake, kidole karibu na swichi.

"Sahihisho," akasoma Rahma. "Jumamosi nilisoma majina kumi na nane. Kumi na saba kati yao waliuawa wakiwa sokoni, wakiuza na kununua mboga kama sisi. Msiba wao ulikuwa nyumbani kwangu, Magamba, na leo tunaanua tanga. Waliokuja, Mungu awalipe. Wa kumi na nane ndiye aliyewaua. Msiba wake haupo nyumbani kwangu, na mtu asije." Akavuta pumzi. Mahali pale palikuwa pamefika tena. "Msiba wake upo nyumbani kwa mama yake. Nyumba yenyewe siijui. Habari zimfikie popote pale alipo."

Martin akabonyeza swichi, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Rahma akakunja miwani yake, akachukua mwavuli, akashuka ngazi. Hakuna aliyemwambia kwaheri.

Alipofika nyumbani turubai lilikuwa limeshushwa na uwanja umefagiliwa. Dorkasi peke yake alikuwa amebaki, anasubiri gari la Mlola, redio ndogo mapajani. Lile fungu lake la kuni lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta, upande wa nje, mbali na jiko.

"Umesahau kuni zako," akasema Rahma.

"Sikusahau." Dorkasi hakumtazama. "Na si zako, usizipikie. Yule wa kumi na nane simlilii, nakwambia kabisa, hata tone. Lakini mama yake, dada, nani atakwenda kwake na kuni?"

Wakakaa wote wawili kizingitini mpaka gari likapiga honi.

Siku hizi anasoma Happiness, na nyuma yake wanapiga kinanda. Wiki iliyopita alisahau nyumba ya msiba, na watu wa Mlalo wakaenda kuzika kwa wengine. Mwalimu Fanueli bado anachambua. Kuni zile zipo palepale ukutani, na mwezi wa baridi, kuni zilipoadimika, hakuna jirani aliyezigusa. Mvua ikianza, Rahma hutoka na kipande cha turubai akazifunika.