Zana Iliyopendwa Kupita Kiasi

Kabla ya kuajiriwa kuandikia mashine, nilikuwa nimeandika matangazo ya redio kwa miaka mingi, ya sabuni, magodoro na dawa ya mende, na niliamini hakuna kiumbe asiyeweza kulainishwa kwa maneno matamu. Ofisi mpya ilikuwa ghorofani karibu na maduka ya Adams Arcade. Bosi wangu alikuwa mhandisi wa programu, mwanamke kutoka Ukambani, mdogo kiasi cha kuwa binti yangu. Mimi nilimwita madam, yeye akaniita mzee, tukaelewana.

Alinieleza kazi siku ya kwanza. Programu za kompyuta huzeeka. Lugha zilizotumika kuziandika hubadilika, na amri za zamani huanza kukataliwa. Kwa hivyo kuna zana, ambazo nazo ni programu, zinazopita ndani ya msimbo wa zamani, yaani maandishi ya programu, na kuubadilisha zenyewe uende na wakati. Zamani mhandisi ndiye aliyechagua zana. Siku hizi mara nyingi huachiwa wakala wa akili bandia: unamwambia unachotaka, anasoma maelezo mafupi ya kila zana, anachagua moja na kuitumia. Kazi yangu ingekuwa kuandika hayo maelezo.

"Aya moja tu?" nikamwuliza.

"Aya moja, mzee. Lakini iwe wazi."

Nilirudi nyumbani Kinoo nikimwambia mke wangu kwamba hatimaye nimepata mshahara wa bure.

Zana yangu ya kwanza ilifanya jambo dogo: iliondoa amri za zamani za kusoma tarehe na kuweka mpya. Niliihurumia. Zana yenye jina refu kupindukia, na kazi yake ni kalenda tu! Nikaiandikia hivi: "Zana ya kisasa yenye nguvu ya ajabu, inayofufua msimbo uliochoka na kuupa maisha mapya." Neno tarehe sikuliweka. Lilikuwa linaharibu mdundo.

Mawakala waliipenda. Kila ripoti ya matumizi ya zana ilipotoka, yangu ilikuwa imeitwa kazini kuliko zote. Nilinunulia ofisi nzima samosa. Nikaanza kuwapa wahandisi mawaidha ya uandishi, nikiwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, bila kuombwa.

Kisha meneja wa duka moja la samani huko Karen, mteja wetu, akapiga simu. Madam aliweka spika, kwa hivyo sote tulisikia.

"Kuna mama hapa ako na wageni na wamekaa kwa sakafu," meneja alisema. "Anauliza kochi yake. Sistimu inasema itafika Mei. Si ilikuwa Machi? Kwani mmefanya nini?"

Watu wa duka walikuwa wamemwomba wakala aboreshe sehemu ya kupandisha picha za vitanda kwenye tovuti yao. Wakala akasoma maelezo ya zana zetu, akakuta moja inayofufua kila kitu, akaichukua. Zana ikabadilisha amri za tarehe kote, na hizo mpya, zisipoambiwa vingine, husoma mwezi kabla ya siku. Kochi la tarehe tano mwezi wa tatu likawa la tarehe tatu mwezi wa tano. Picha za vitanda zilibaki vilevile.

Madam alirudisha msimbo wa awali, akamwomba meneja msamaha, kisha akavuta kiti kando ya meza yangu.

"Mzee, nisomee kile uliandika."

Nikasoma, kwa ile sauti yangu ya redio. Sijui kwa nini.

"Inafufua," alisema. "Kwani nani alikufa?"

Nikaiangalia aya tena.

"Wakala haoni zana," akaendelea, bila hasira. "Anaona maneno yako peke yake. Ukimwambia inafanya kila kitu, atakuamini."

Hilo lilinichoma. Katika miaka yote ya redio hakuna aliyewahi kuniamini kiasi hicho.

Niliandika upya, na kwa kuwa nilikuwa nimeogopa, nikaandika kila kitu: historia ya amri za tarehe, tahadhari, tahadhari kuhusu tahadhari. Tulipoijaribu, mawakala walizisoma tahadhari zote hizo, wakairuka hata pale ilipohitajika. Katika ripoti iliyofuata, zana yangu haikuitwa hata mara moja. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa ajili ya yule mama na wageni wake, na hili nalisema kwa haya.

Mara ya tatu madam aliniuliza maswali, nami nikaandika majibu tu. Inafanya nini? Inabadilisha amri za zamani za tarehe ziwe mpya. Itumike lini? Msimbo ukiwa bado na amri hizo. Isitumike lini? Kwa kazi nyingine yoyote, zikiwemo picha. Kabla ya kuitumia? Eleza kama siku inatangulia mwezi. Kuandika "isitumike" kulinitoa jasho. Tangazo gani humfukuza mteja?

Tukaweka ombi lile lile la picha za vitanda kwenye nakala ya majaribio. Wakala akasoma, kisha akaandika kwamba zana hii haifai kwa kazi hii, akachukua nyingine. Nilipiga meza kwa furaha. Madam akanitazama.

"Amekukataa, mzee."

"Nimeona!" nikasema. "Amenikataa vizuri kabisa!"

Jioni nilimsomea mke wangu ile aya, polepole, nikisita pale panapostahili. Aliacha kutazama taarifa ya habari ili asikilize.

"Hiyo ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Haya. Nimeelewa," akasema, akageukia runinga.

Nilikaa kidogo nikingoja aseme nirudie. Akaongeza sauti ya taarifa.