Stendi Uani kwa Bibi

Nikiwa kidato cha tatu niliandika kijitabu cha kuongoza wageni kwenye mji ambao haujajengwa. Watu bado wananiuliza nilikuwa nafikiria nini, na mimi mbele za watu siwezi kujibu, maneno yananikauka. Kwenye daftari angalau hakuna anayenitazama.

Kijiji chetu kiko upande wa Genkuru, karibu na mgodi. Dhahabu ilikuwa imeleta watu mpaka njia za ng'ombe zikawa na vibanda vya chipsi, na makarasha ya kusagia mawe yalinguruma kutwa mpaka mwalimu anasimamisha somo. Ikaamuliwa upimwe mji mpya, wenye mitaa iliyonyooka. Akaletwa afisa mipango miji kutoka mkoa mwingine, baba mmoja mpole mwenye viatu vyeupe ambavyo baada ya wiki mbili havikuwa vyeupe tena. Wageni wangekuja Jumamosi kuangalia viwanja, na yeye alitaka kila mmoja ashike kijitabu. Mashine ya kuchapia ofisini ilikuwa imekufa, kwa hiyo akaja shuleni kutafuta mwandiko mzuri.

Mwalimu wa Kiswahili akaninyooshea kidole. "Huyu hapa. Haongei, lakini anaandika."

Darasa likacheka. Ila sitadanganya, nilifurahi. Sikuwahi kuchaguliwa kwa kitu chochote.

Rasimu ya kwanza niliandika nilivyojua mimi. Kwamba ukitoka Sirari upande gari la Tarime, pale ubadilishe. Kwamba saa tisa utasikia king'ora, usikimbie, ni mgodi wanalipua mwamba. Ila kama umeegemea ukuta wenye ufa, ondoka. Kwamba maziwa mazuri yanatoka Nyanungu, na kwamba Serengeti yenye wanyama wa kwenye picha iko mbali kuliko wageni wanavyodhani. Afisa alisoma akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akachukua kalamu nyekundu.

"Binti, mgeni haji kununua ufa. Andika vitakavyokuwepo."

"Lakini havipo."

"Vitakuwepo. Wewe andika vipo."

Basi nikaandika. Soko lipo. Zahanati ipo. Stendi ya mabasi ipo katikati ya mji. Kila "ipo" nilikuwa naona haya kama naiba.

Siku ya Jumanne akanitandikia ramani mezani ili ninakili ukurasa wa katikati. Nikaanza na kijito, kwa sababu ndicho nilichokijua. Kijito kinapokunja kiwiko kuna jiwe kubwa, kutoka jiwe unapanda njia ya ng'ombe, na juu pale, mahali palipochorwa mstatili wenye neno STENDI, ni kwa bibi yangu. Si karibu na kwake. Ni kwake kabisa, nyumba, zizi, na pembeni ya zizi kaburi la babu, maana kwetu mwenye boma huzikwa bomani mwake, haondoki langoni pake.

Afisa alikuwa ananiangalia. "Kuna swali?"

"Hapana."

Hilo "hapana" ndilo linaloniudhi mpaka leo kuliko yote. Hakuwa amenikaripia. Hata soda alikuwa ameninunulia.

Bibi aliishi peke yake na mbuzi wake. Kila jioni nilimpelekea maji. Jumanne nilimpelekea nikanyamaza, Jumatano nikanyamaza, hivyo hivyo mpaka Ijumaa. Yeye alizoea kuniita mke mwenzake, kama mabibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike.

"Mke mwenzangu, mbona umekuwa kama mkwe? Huniangalii machoni."

"Nina mtihani, bibi."

"Mtihani wa nini, wa kutazama chini?"

Jumamosi wageni wakafika, vijitabu mkononi, na kwa kuwa hakuna aliyeona mji, afisa akanisukuma mbele niwaongoze. Mimi! Nilitembea haraka ili wasipate nafasi ya kuniuliza. Aliyenifuata kwa karibu alikuwa baba mmoja mnene anayebadilisha pesa mpakani Sirari, Mkurya mwenye ndugu nusu huku nusu Kenya.

"Sasa hii town iko wapi, msichana? Mimi naona tu mahindi."

Tukafika kwenye mstari wa nyumba za bati jipya zinazong'aa. Kijitabu kilisema hapo pana majirani, maana afisa alizihesabu kama makazi. Yule baba akapiga hodi, kimya. Akasukuma mlango. Ndani hakuna sakafu, hakuna ukuta wa nyuma, kuna nyasi tu na kuku wa watu. Zilikuwa nyumba za tegesha, zile watu wanazosimamisha haraka ili mgodi au serikali ikichukua eneo walipwe fidia. Mbili zilikuwa za baba yangu mdogo, naye alikuwa amekaa kivulini pale pale bila aibu.

"Hawa majirani wako wapi?" akauliza yule baba.

"Mura, ndugu yangu, vuta subira," baba mdogo akamjibu. "Fidia ikitoka ndio watazaliwa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ukurasa uliofuata ulikuwa wa stendi.

Bibi alituona tangu kijitoni. Tulipofika langoni alikuwa ameshatoa viti, ngozi na jamvi. Kwake mgeni haulizwi shida yake akiwa amesimama. Afisa alijaribu kusema wana haraka, bibi akamwonyesha kiti. Wakakaa wote, wakapitishiwa uji wa mtama uliochacha. Yule baba wa Sirari alikunywa akajifuta mdomo, akafungua kijitabu, akamuuliza bibi kwa Kikurya, kwa heshima kabisa, steji, yaani hiyo stendi ya magari, iko upande gani.

"Magari gani?" bibi akauliza.

Ndipo akamsomea. Mstari kwa mstari, anageuza kwa Kikurya, anafuata ramani kwa kidole: kijito, jiwe, njia ya ng'ombe. Kidole kikasimama. Akaangalia zizi, akaangalia kaburi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo. Ningeweza hata kukohoa.

"Nani ameandika?" bibi akauliza.

Afisa hakuelewa Kikurya, akawa anatabasamu. Yule baba akasema mwandiko ni wa mtoto wa shule.

"Ni mimi, bibi."

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne uliniletea maji."

"Ndiyo."

"Na Jumatano."

"Ndiyo."

Akaendelea hivyo hivyo mpaka Ijumaa, siku moja moja, na kila siku nikasema ndiyo. Hakupaza sauti. Kisha akasema, "Uliandika kwa mkono. Kukanusha utakanusha kwa mdomo."

Jumatatu akaenda nami kwenye mkutano wa kijiji, akakaa mbele, akanitaka nisimame. Nilisimama. Nilisema kwamba pale palipoandikwa stendi anaishi mtu na amezikwa mtu, na mimi nilijua nikaacha kusema.

"Ongeza sauti, panya hasikiki!" kijana mmoja akapiga kelele nyuma.

Nikarudia. Sauti ilipasuka katikati ya neno "kaburi", wakacheka tena, nikarudia mara ya tatu nikiwa nalia kwa hasira. Afisa alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitamani awe mtu mbaya. Akaniuliza tu, taratibu, "Binti, kwa nini hukuniambia siku ile? Ramani ilikuwa bado ya penseli."

 Sasa ramani ilikuwa imeshasainiwa, imekwenda mkoani. Alichoweza, alisema, ni kuliombea kaburi lisiguswe.

Na kweli aliliombea. Baada ya wiki chache wakaja wapimaji wawili wakasimika bikoni nne, vile vigingi vya zege vya mipaka, kuzunguka kaburi la babu, wakaandika eneo halitaguswa. Nyumba na zizi vikabaki ndani ya stendi. Bibi alizunguka zile bikoni mara moja, akizigusa kwa fimbo.

"Kwa hiyo aliyekufa amepata kiwanja."

"Ndiyo, bibi."

"Mimi ningepata kama ningekuwa chini?"

Nilitaka kuomba msamaha. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Kabla ya mvua alihamia Nyanungu kwa mdogo wake wa kiume, na mbuzi wake wote. Stendi mpaka leo ni majani, mbuzi wa watu wengine wanakula hapo. Likizo huwa naenda kumwona, hajanikataza. Haniiti mke mwenzake tena. Akija jirani anamwambia, "Huyu ni mjukuu wangu, anajua kuandika sana," halafu anaendelea kupepeta mtama wake, na mimi nabaki nimekaa pale nisijue niseme asante au nini.