Swala Aliyepigwa Nyonga

Mwezi uliopita nilirudi Berea, mtaa wa Durban, nikapanda ngazi za jengo letu la zamani, na kwenye ghorofa ya pili mtu alikuwa anakaanga nyama ya pori. Unaijua harufu ile? Nzito, kama ina chuma ndani yake. Nilikaa kwenye ngazi nikashindwa kuendelea.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaelekea kuisha tuliishi pale watatu: bibi, baba na mimi. Baba alichanganya rangi katika kiwanda kimoja cha Mobeni, akirudi na kucha za buluu au za kijani. Kazi yangu ilikuwa kutwanga tangawizi na kitunguu saumu. Ya bibi, kulalamika kwamba kuku wa Durban wana ladha ya karatasi. Majira ya baridi yale aliugua, akagoma kula. Alitaka kitu kimoja tu: swala, kama wale wa kwetu Tanzania enzi za mumewe. Tena aliyechinjwa. Kibudu, mnyama aliyekufa bila kisu, hakikuwa kimewahi kupita kooni mwake.

Jirani yetu alikuwa mzaliwa wa Durban, ingawa ukoo wake ulitoka pwani ya kwetu zamani. Alikuwa na bunduki, na ruhusa ya kuwinda kwenye shamba moja huko kaskazini. Jumamosi moja akatuchukua, baba na mimi. Njiani alimfundisha baba, mimi nikishika risasi mapajani, za aina mbili. Ya ncha laini hufunguka ndani ya mwili na kuua upesi. Ngumu hupita tu, ikatokea upande wa pili.

"Chukua laini," alisema. "Fuata mguu wa mbele, panda nao mpaka theluthi ya chini ya kifua. Hapo iko moyo na mapafu. Taja jina la Mungu unapofyatua, basi. Hata akifa kabla hujafika, ni halali."

"Mama yangu hali maelezo," baba akajibu. "Anakula kisu."

"Eish, kaka! Unataka swala akusubiri na shingo mkononi?"

Walicheka wote wawili. Mimi pia nilicheka.

Tulimwona dume karibu na vichaka vya miiba, hatua kama themanini. Baba akaninyooshea kiganja bila kugeuka. "Ile ngumu, mama." Nikampa. Akalenga nyonga, makusudi, ili mnyama aanguke akiwa hai. Hakutamka chochote. Bismillah aliiweka akiba kwa ajili ya kisu.

Swala hakuanguka. Aliingia vichakani kwa miguu mitatu, nasi tukafuata damu kwenye nyasi, kisha majimaji ya kijani ya tumbo. Tulimkuta amelala, anakoroma kama mtu mwenye pumu. Jirani akainua bunduki. "Niache nimmalize na bismillah, kaka." Baba akaushika mtutu akausukuma chini. Kila alipomkaribia na kisu, swala aliinuka, akajivuta, akalala mbele zaidi. Mara ya nne hakuinuka. Baba akakata koo, na damu haikuruka. Ilichuruzika polepole, kama asali.

"Ulitaja jina ulipofyatua?" jirani akauliza.

Baba alifuta kisu kwenye nyasi, pande zote mbili, muda mrefu.

"Basi umemtesa bure," jirani akasema, akaenda kuleta gari.

Nyumbani bibi hakumuuliza mwanawe. Aliniita mimi kitandani, akanishika kidevu. "Mjukuu wangu, wewe hujajua bado kuremba maneno. Alipochinjwa, alirusha miguu?"

Baba alikuwa amesimama nyuma yake. Bibi hakuwa ametia kitu tumboni siku tatu.

"Ndiyo, bibi," nikasema. "Sana."

Alikula mpaka akalamba vidole. "Haya ndiyo mambo! Nyama iliyochinjwa unaijua mdomoni." Akamtania baba kwamba leo amekuwa mwanamume. Mimi niliomba kipande cha pili.

Jirani alihama, hatukuwinda tena naye. Baba amerudi Tanzania, na siku hizi akiwasimulia wageni, swala yule hurusha miguu, kisha hunigeukia nithibitishe. Nathibitisha. Ningeweza kumwomba radhi mtu mmoja tu, naye alikufa kabla majira yale hayajaisha, akiniombea heri kila siku kwa ajili ya nyama ile.