Salamu za Msoma Mita

Mtaani walimwita Salamu. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za umeme, anapita nyumba hadi nyumba na tochi mfukoni, anainama, anaandika tarakimu, huyoo anaondoka. Ila kuondoka kwake kulikuwa na kituo kila baada ya kipande cha njia. Akifika duka la vipuri atasimama, "Za tangu juzi?" Akifika kwa kinyozi atasimama amuulizie mtoto kama kikohozi kimepona. Na kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumbani kwake, penye kibanda cha mama wa pasi, anayenyoosha nguo za watu, hapo hakusimama tu, alikaa kabisa kwenye benchi la wateja. Watu wakasema, jamani, muungwana kama huyu mmemwona wapi? Hata paka anamjulia hali.

Kumbe ni mguu.

Ulianzia kwenye kigimbi cha kulia. Akitembea kidogo tu nyama inakaza, kama mtu anaikamua vile nguo mbichi inavyokamuliwa. Akisimama, maumivu yanaondoka yenyewe, taratibu, utadhani hayakuwepo. Maumivu ya namna hiyo ni rahisi kuyaficha. Unatafuta mtu wa kumsalimia, basi.

Alikuwa na sababu ya kuficha. Baba yake alikatwa mguu. Yeye akiwa kijana alimwona mama yake akimbeba mume mgongoni kumpeleka chooni, na baba amegeuzia uso ukutani asitazamane na wanawe. Salamu alijiapiza kwamba mke wake hatambeba hivyo.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache, asiyependa umbea. Lakini umbea ulimfuata mpaka jikoni kwake. Jioni moja akapita kwenye ile kona mwenyewe, akamkuta mumewe kwenye benchi, kiatu kimoja kipo chini, mama wa pasi anampa kikombe cha maji na wote wawili wanacheka. Akapitiliza. Alimsubiri mumewe arudi nyumbani.

"Umetoka wapi?"

"Kazini."

"Kazini kuna benchi?"

"Aa, nilimsalimia tu yule mama wa watu."

"Salamu ya kuvua kiatu?"

Salamu alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Kisha akaiona sura ya baba yake imeelekea ukutani, akayameza.

"Fikiria unavyotaka," akasema.

Naye akafikiria. Hakupiga kelele. Alihamia chumba cha binti yao, akawa anampikia mumewe, anamfulia, anamjibu akiulizwa. Miaka ikapita hivyo. Binti alipopata kazi ya zamu kiwandani, mama akafunga nguo zake kwenye begi akaenda kwa dada yake, ng'ambo ya daraja. "Sijafukuzwa wala sijaachwa," alimwambia binti. "Nimechoka tu."

Mguu nao ukazidi. Siku moja Salamu alikaa kwenye ngazi za ghorofa akashindwa kupanda wala kushuka, ndipo binti akamburuta hospitali. Wakampima presha mkononi, halafu kwenye kifundo cha mguu. Akacheka, "Tangu lini mguu ukawa na presha?" Daktari hakucheka. Akamwambia mishipa inayopeleka damu miguuni imekuwa myembamba, imezibaziba, na sigara anazovuta zimechangia. Aache sigara, ameze dawa, na atembee.

"Nitembee? Daktari, nimeletwa hapa kwa sababu siwezi kutembea."

"Ndiyo. Lakini utatembea mbele ya mtu anayejua."

Mtu huyo alikuwa mwalimu wa mazoezi, msichana mwembamba mwenye saa kwenye kifua cha sare. Chumba chake kilikuwa nyuma ya wodi ya mifupa: mashine zenye mkanda unaozunguka chini ya miguu, viti vya plastiki, feni moja. Unatembea mpaka mguu uume sawasawa, unakaa mpaka maumivu yaishe, unapanda tena. Akasema damu ikihangaishwa hivyo, mwili unajifunza kuitafutia njia nyingine. Miguu ya wagonjwa aliikagua mwenyewe, kidole kwa kidole.

"Mimi breki ni nzima," alisema dereva mstaafu wa lori kwenye mashine ya pembeni. "Gia ndiyo zimekataa."

Salamu alicheka, akatembea, akauma meno.

"Inauma, baba?" mwalimu akauliza.

"Haiumi."

"Na hilo jasho juu ya mdomo? Feni si inakupuliza wewe?"

"Joto tu, mwanangu."

Akazima mashine. "Baba, mguu ni wako. Mimi sina macho ya kuona ndani. Usiponiambia, nitakuumiza bure."

Ilimchukua muda kujifunza neno hilo, inauma. Kwanza alilisema chini chini kama tusi. Baadaye likawa jepesi, na kituo cha kupumzika nacho kikawa kinasogea mbele. Hapo akapata wazo lake. Mguu ukitulia, atavuka daraja kwa miguu bila kusimama, amchukue mkewe, amrudishe nyumbani. Habari ya zamani haitatajwa. Mtu akimwona mumewe amefika anatembea vizuri, atauliza nini tena?

Wazo hilo alilivunja mwalimu bila kujua. Alitaka kila mgonjwa alete mtu wa nyumbani afundishwe kumsimamia. Binti alikuwa zamu. Akamtuma mama.

Mke alikaa kwenye kiti kando ya ukuta, mkoba mapajani. Salamu alipanda mashine, na kwa kuwa macho yale yalikuwa mgongoni kwake, akapitiliza.

"Imeshauma sawasawa, baba?" mwalimu akauliza.

"Bado."

"Baba."

"Bado, nimesema!"

Kisha mguu ukakataa. Alining'inia kwenye vyuma, mwalimu akamvutia kiti, naye akafanya alivyozoea: akavua kiatu, akashika kigimbi kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Huwa anafanya hivi kila akitembea?" mke akauliza.

"Ndiyo, mama. Wengi wao wanaficha. Huyu anajifanya anaangalia duka, huyu anasalimia watu. Wanakaa hivyo miaka."

Mke akakitazama kile kiatu sakafuni. Dereva wa lori akatazama miguu yake mwenyewe, utani umemwisha.

Walipotokea koridoni, Salamu alikuwa karibu kutabasamu. Aliona mzigo umetua.

"Kwa hiyo ulikuwa mguu," mke akasema.

"Ulikuwa mguu, mama watoto. Hapakuwa na kingine, haki ya Mungu."

"Yule mama wa pasi alijua?"

"Sikumwambia. Aliona mwenyewe."

"Alijua yeye." Akaushika mkoba vizuri. "Nilikutana naye sokoni nikatema mate chini. Miaka yote nimelala nikitazama ukuta. 'Mguu unaniuma.' Maneno mawili tu, baba watoto, ukakosa?"

"Niliogopa utanibeba."

"Ningekubeba."

Mhudumu akapita na kitanda cha magurudumu, wakajibana ukutani kila mmoja upande wake.

"Nilidhani hunitaki," mke akasema kitanda kilipopita. "Hilo nilishalizoea. Kumbe hukuniamini. Hili sijui nitaliweka wapi." Akaenda kumweleza binti yao mambo yote aliyofundishwa na mwalimu, sawasawa, bila kusahau kitu. Halafu akarudi kwa dada yake.

Salamu hakuacha mazoezi. Dereva wa lori alimwambia sasa anamwonea wivu. Na jioni moja akavuka lile daraja kwa miguu.

Shemeji yake alimfungulia, akamwita dada yake, akajiondokea. Mke akatoka anajifuta mikono kwenye kanga.

"Umekuja na nini?"

"Kwa miguu."

"Moja kwa moja?"

"Nimesimama. Katikati ya daraja, na tena pale kwa muuza mbao."

"Sasa hivi inauma?"

"Inauma."

"Basi subiri itulie ndiyo urudi."

Ndiyo urudi. Neno hilo alilisikia vizuri. Akaegemea ukuta wa kibaraza, naye mke akasimama kando yake, karibu kiasi kwamba harufu ya vitunguu mikononi mwake ilimfikia. Kigimbi kilikaza, kikalegea, kikalegea tena.

"Bado?" mke akauliza.

Maumivu yalikuwa yameondoka. Akisema bado, atakaa pale kidogo zaidi.

"Imeisha," akasema.

"Haya. Nenda polepole."

Akashuka kibarazani. Nyuma yake alisikia mlango unafungwa, si kwa nguvu.