Chuma Shingoni, Mama Mkwe Uani

Chekeni mapema tuyamalize, maana hata mimi nikikumbuka najifunika uso ingawa niko peke yangu chumbani.

Mimi ni mwembamba (mikono mirefu, kifua hakuna), na harusi yangu na Bibiche ilikuwa inakaribia, nikaogopa suti itaning'inia kama imeanikwa, ndipo kaka yake, Trésor, akanikaribisha kwao Naviundu, anakofundisha vijana kunyanyua vyuma nyuma ya nyumba. Vyuma vyenyewe ni vya kujitengenezea: bomba la chuma, na kila upande kopo la rangi lililojazwa saruji ikagandia humo humo. Sharti lake kwangu, shemeji yake, lilikuwa moja: "Beau-frère, ile ya makopo makubwa usibebe peke yako. Anza na bomba mutupu, na muntu asimame ku kichwa yako." Lakini vijana walicheka nilipotetemeka na bomba tupu, basi Jumapili, nikijua wote wako misani, nikaenda kujaribu makopo makubwa kwa siri.

Nikavua shati, nikabaki na kaptula ya kubana, nikalala chali kwenye benchi. Kushusha kulikuwa rahisi sana, kupandisha ndiko kulikonishinda. Bomba likatua kifuani, nikalisukuma, likabingirika kuelekea shingoni, nikajaribu kuliinamisha makopo yachomoke, nikakumbuka saruji haichomoki. Hapo niliogopa kweli, miguu ikaanza kupiga benchi yenyewe.

Mara nikasikia ufagio. Kumbe Mama Bibiche hakwenda misa. Sasa katika familia zetu mama mkwe ni mtu wa kupishwa njia, humpi mkono, huli naye, sembuse akukute umelala kifua wazi (na kaptula ile). Nikanyamaza. Ndiyo, niliamua kufa kwa adabu. Macho yakaanza kuona giza, nikamwona Bibiche amevaa nyeusi badala ya nyeupe, na adabu ikaniisha.

"Mama," nikakoroma.

Ufagio ukatulia. "Ni nani iko kule?"

"Ni miye, mama. Mukwe. Niko nakufa."

Akachungulia, akanigeuzia mgongo upesi. Nikajua anaondoka, nimekwisha. Kumbe alikuwa anafungua kitenge chake cha juu, akakirusha bila kutazama, kikanifunika kuanzia usoni hadi magotini, na humo gizani hofu ikazidi.

"Funga macho," akasema, sauti yake inatetemeka kuliko yangu. "Miye pia nimefunga."

Akapapasa mpaka akapata kopo moja, akalinyanyua, bomba likaanguka upande wa pili kwa kishindo. Nikavuta hewa, nikalia kama mtoto, na yeye tayari alikuwa amerudi ndani.

Kesho yake nikapeleka kuku wa kufuta ile aibu, kama inavyotakiwa. Bibiche akaniletea jibu.

"Mama anasema kuku amepokea, mambo imekwisha. Lakini anauliza juu ya nini ulinyamaza. Alikuona unaingia, akasikia miguu yako ku benchi tangu mwanzo; kuuliza 'ni nani' ilikuwa ya heshima tu. Aliogopa kuja bila kuitwa, alikuwa anangoja tu umwite."

Nilikaa chini. Tulikuwa wawili, kila mmoja anamheshimu mwenzake, na mimi ndiye niliyekuwa nakufa.

Siku hizi nanyanyua bomba tupu, Trésor amesimama kichwani kwangu, na vijana wacheke watakavyo. Mikono ikianza tu kutetemeka, naita.